Mnaoita Kalasha madhabahu ya shetani, tukae chini kidogo



Najua nikimaliza kuandika haya kuna watumishi wenzangu watakaonipigia simu, na wengine hawatapiga, wataacha tu kunialika kwenye makongamano yao. Sawa. Nimeliombea jambo hili, nimelala nalo, nimeamka nalo, bado liko.

Wiki hii kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha wachungaji wa huku Machakos, mtumishi mmoja alituma picha za zulia jekundu la Tuzo za Kalasha. Kwa asiyejua, Kalasha ndizo tuzo za kitaifa za filamu na televisheni, zinazoandaliwa na Kenya Film Commission, shirika la serikali, tangu mwaka 2009. Waigizaji, waongozaji, waandishi, wapiga picha na watangazaji wanateuliwa, sisi watazamaji tunapiga kura, usiku mmoja wanakusanyika na kupewa trofi. Chini ya picha ndugu yangu akaandika maneno matatu: MADHABAHU YA SHETANI. Amina zikaanza kumiminika. Nilihesabu hadi ishirini na tatu. Mwingine akaeleza nguo za kila dada kwenye picha zile, urefu wake na mpasuo wake, moja baada ya nyingine, kwa uchungu mwingi sana. Nikajiuliza huyu mtu wa Mungu amezikuza picha hizo kwenye simu yake mara ngapi.

Mimi sikuandika amina. Wala sikuandika neno lingine lolote, na ndilo linalonihukumu. Kwa hiyo naandika hapa.

Tuanze na sisi wenyewe. Wengi tulio kwenye kikundi kile, tulimwona Yesu kwa mara ya kwanza ndani ya filamu. Msinikatalie. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Gari lilifika sokoni jioni na jenereta na projekta, wakafunga shuka jeupe kati ya miti miwili, giza lilipoingia tukaketi chini kwenye vumbi na Filamu ya Yesu ikaanza, ile iliyotengenezwa mwaka 1979. Yesu akafungua kinywa akaongea Kikamba! Susu wangu alikuwa hajui kusoma hata herufi moja. Misumari ilipoingia mikononi alilia kwa sauti, akavuta leso akajifunika uso. Mwinjilisti alipoita watu mbele, susu alienda. Hakurudi nyuma hadi tulipomzika.

Yule aliyekuwa msalabani ni Brian Deacon, mwigizaji wa Uingereza. Damu ile haikuwa damu. Askari waliomcheka, Yuda aliyembusu, Pilato aliyenawa mikono, wote walikuwa watu wazima waliovaa mavazi ya kazi, wakaambiwa simama hapa, geuka hivi, rudia tena. Mbona hakuna mwinjilisti hata mmoja aliyesimama pale sokoni kutuonya kwamba huu ni uigizaji na uigizaji ni uongo? Hatukuuliza kama aliyeigiza Yuda ameokoka. Tulitaka tu awe Yuda kwelikweli, tumchukie vizuri.

Na kila Krismasi makanisani mwetu kuna Herode. Herode hapewi mtu hivi hivi. Tunamtafuta kijana mwenye sauti na macho makali, maana Herode dhaifu anaharibu mchezo wote. Baada ya ibada akina mama wanamshika mkono: umetutisha kabisa, Mungu akubariki. Sasa kijana huyohuyo akimwigiza muuaji kwenye televisheni siku ya Jumatano, amepotea?

Hapa ndipo ninapaswa kukiri, na ninakiri kwa ruhusa ya mhusika, ingawa jina lake nalihifadhi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na dada mmoja kwenye timu ya sifa. Alikulia kanisani mwetu. Alikuwa kijana mdogo wakati gavana wetu wa kwanza, Dkt. Alfred Mutua, aliyekuwa mtu wa filamu na televisheni kabla ya siasa, alipotuambia Machakos itakuwa Machawood. Mnakumbuka siku zile? Vijana wa hapa walianza kutembea kama watu walioitwa kwa majina. Huyu dada alikuwa tayari nyota wa drama shuleni kwao, shule inayodhaminiwa na kanisa, na mchezo wao ulipofika mashindano ya kitaifa mzee wetu mmoja, aliyekuwa kwenye bodi ya shule, alisimama Jumapili akatoa shukrani na sadaka. Tukapiga makofi. Alikuwa ameigiza mke mkorofi, alipiga kelele jukwaani kama mtu mwenye mapepo saba, na sote tukasema ni kipaji kutoka kwa Bwana.

Akamaliza shule, akaenda Nairobi kwenye majaribio ya uigizaji mara nyingi sana, nauli akichangiwa na mama yake anayeuza mboga. Mwishowe akapata nafasi katika kipindi cha televisheni. Alimwigiza mhudumu wa baa, mlevi, anayewaibia wateja pesa wakilala. Alionekana kwa dakika chache tu. Mtu akarekodi kipande kile kwa simu, kikazunguka kanisa zima kabla ya Alhamisi. Mzee yuleyule wa shukrani akaja ofisini kwangu na wenzake wawili. Mchungaji, hatuwezi kuimba tukiongozwa na mlevi.

Nilimwita dada ofisini. Nilimuuliza, mbele ya wazee, swali ambalo nalionea haya hadi leo: ile pombe ulikunywa kweli? Akanitazama. Akasema, "Pasta, ilikuwa strungi. Strungi baridi, imewekwa kwenye chupa." Mzee mmoja akasema hata kama. Na mimi, mwenye diploma ya chuo cha Biblia, niliyefundishwa kutafsiri Maandiko, nikakubaliana na "hata kama". Nikamsimamisha kwa miezi mitatu ili "atafakari". Alitafakari. Hakurudi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma Biblia yangu upya, na nawaambia wenzangu kweli, inanitia aibu.

Nathani angeweza kumwendea Daudi na mashtaka moja kwa moja. Hakufanya hivyo. Alimpelekea hadithi ya tajiri na maskini na mwanakondoo mmoja, hadithi ambayo haikutokea, akaisimulia kama imetokea, na mfalme akawaka hasira juu ya mtu asiyekuwepo mpaka alipogundua mtu huyo ni yeye. Hiyo ni 2 Samweli 12. Geuza kurasa mbili tu, sura ya 14: Yoabu anamtafuta mwanamke mwenye akili kutoka Tekoa, anamwambia avae nguo za msiba, asijipake mafuta, ajifanye amefiwa siku nyingi, na anampa maneno ya kusema. Wapendwa, mavazi yapo, mhusika yupo, mwandishi wa maneno yupo. Na mfalme alisikia kutoka kwa mwanamke yule jambo ambalo Yoabu mwenyewe hakuthubutu kumwambia usoni.

Mnasema hao ni watu wa siasa za ikulu. Haya, nabii. 1 Wafalme 20, mwishoni. Mmoja wa wana wa manabii anataka kumwonya Ahabu. Anaomba apigwe apate jeraha, anajifunga kitambaa machoni, anasimama njiani akijifanya askari aliyetoka vitani na kupoteza mfungwa. Ahabu anatoa hukumu, ndipo nabii anaondoa kitambaa. Nabii mwenye jeraha la kutengeneza! Ezekieli alichora Yerusalemu kwenye tofali akauzingira mji ule kama mtoto anayecheza, akalala ubavu mmoja siku 390. Yeremia alitembea na nira shingoni. Agabo alichukua mshipi wa Paulo akajifunga mwenyewe mikono na miguu, angeweza kusema tu kwa mdomo. Huyu Mungu wetu hajawahi kuogopa jukwaa.

Najua mtakachonijibu, maana kimejibiwa tayari kwenye kikundi: 1 Yohana 2, tamaa ya macho na kiburi cha uzima. Nakubali andiko hilo lote. Nauliza tu, kiburi cha uzima kinaishi wapi zaidi Kenya hii? Tuna tuzo zetu za muziki wa injili, na humo humo tumeona zulia na kamera na wasanii wakiomba kura kama madiwani. Tuna siku ya kumshukuru mchungaji, ambapo waumini wasio na ada ya shule wanachangishwa gari. Tuna watu waliolala wachungaji wakaamka maaskofu, wakalala maaskofu wakaamka mitume, wakapewa udaktari na vyuo ambavyo hata lango havina. Mwigizaji akipewa trofi, angalau mtu aliitazama kazi yake kwanza.

Na sisi Wakamba tuwe waangalifu kidogo na haya maneno ya "hicho ni cha shetani". Wamishonari wa AIM walianzia Nzaui mwaka 1895, na waongofu wa kwanza wa huku kwetu waliambiwa ukiokoka unaacha ngoma na mchezo wake, kabisa. Leo ngoma iko mita mbili kutoka mimbari yangu na bila yake vijana hawaamki. Ni nani aliyeikomboa? Si kamati. Ni watu waliokataa kuamini kwamba Mungu alimpa Mkamba miguu ile na shetani akampa mdundo.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba filamu hizi tunazozikemea zimeanza kuhubiri yale ambayo mimbari zetu zimekataa kuhubiri.

Kuna filamu inaitwa The Letter, ya mwaka 2019, ya Maia Lekow na Christopher King. Ni ya matukio halisi, si ya kubuni, na Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscars. Kijana anayeishi Mombasa anagundua kwamba nyanya yake kijijini ameitwa mchawi kwenye Facebook. Hapa hapa Facebook, wapendwa, tunapoandika mistari ya asubuhi. Anarudi nyumbani kuchunguza, anakuta familia zinawageuka wazee wao, na chini ya maneno ya uchawi kuna ardhi. Na pamoja na tamaa hiyo, kuna imani yetu. Kuna lugha yetu ya maombi. Lugha ya kufungua na kufunga, ya kuvunja laana za ukoo. Nilipoitazama nilisimamisha katikati nikatoka nje. Nilikumbuka kesha moja, si la zamani sana, ambapo familia ilimleta bibi kizee "afunguliwe", nami nikamwekea mikono nikakemea kwa saa nzima, na sikuuliza hata mara moja shamba lake linarithiwa na nani.

Mtumishi, wewe umewahi kuuliza?

Au chukua Country Queen, ya mwaka 2022, mfululizo wa kwanza wa Kenya kwa Netflix. Akisa Musyoka, jina la kwetu kabisa, anatoka Nairobi anarudi kijijini baada ya miaka mingi, anakuta kampuni ya kuchimba dhahabu inaitaka ardhi ya watu wake. Ndani yake kuna uzinzi: Akisa ana uhusiano na mume wa bibi mwenye kampuni. Sitaki kuufunika. Lakini 2 Samweli pia ina uzinzi, na hatujaing'oa. Toa mavazi ya kisasa pale, unabaki na shamba la mizabibu la Nabothi, 1 Wafalme 21, Ahabu na Yezebeli na mihuri ya barua.

Sasa mimi naishi kaunti ya Machakos. Oktoba 2023, kule Mavoko, matingatinga yalibomoa nyumba za watu kwenye ardhi ambayo wengi waliamini wameinunua kwa pesa zao. Watu walilala nje na watoto. Jumapili hiyo mimi nilihubiri juu ya kuvuka Yordani na kumiliki. Kumiliki! Hakuna aliyenizuia, na sadaka ilikuwa nzuri. Kwa hiyo mtu akiniambia waigizaji wanapotosha taifa, namwomba anioneshe kwanza mahubiri yake ya Jumapili ile.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila kinachopewa trofi ni kitakatifu. Yapo mambo mwigizaji haigizi, anayafanya. Ukiigiza kuua, hakuna aliyekufa. Ukiigiza kulewa, ni strungi. Lakini midomo ikikutana imekutana, na mwili ukivuliwa umevuliwa, na mke wa mtu nyumbani hawezi kuambiwa ni kazi tu. Vijana wangu wakiniuliza, hapo ndipo ninapoweka mpaka, na namwambia kijana aseme hapana mapema, kabla ya kutia sahihi, si siku ya kurekodi. Na wako watayarishaji wanaodai mwili wa dada kabla ya kumpa nafasi. Hao ni Eli na wanawe, wanaojilia sadaka mlangoni pa hema. Lakini tazameni: wana wa Eli walikuwa wapi? Hekaluni. Hatukufunga hekalu kwa ajili yao.

Kama mnataka kuikosoa Kalasha, ikosoeni kwa jambo lenye uzito. Mzee Ojwang, Benson Wanjau, aliyetuchekesha KBC kwenye Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa miaka na miaka, mtu wa jamii moja aliyeigiza mzee wa jamii nyingine na nchi nzima ikacheka pamoja, katika uzee wake ilibidi Wakenya wachangishane pesa za kumtibu macho. Aliaga dunia Julai 2015. Aliyeijaza sebule yetu kicheko jioni kwa jioni hakupaswa kuzeeka akisubiri harambee. Nguo ya zulia jekundu inaazimwa na kurudishwa kesho yake asubuhi. Kodi ya nyumba haiazimwi. Mtu anaweza kuwa na trofi kwenye meza ya chumba kimoja cha kupanga, na stima zimekatwa. Serikali inayojua kuandaa usiku wa tuzo ijue pia kuhakikisha kwamba mwigizaji analipwa kwa wakati, ana mkataba, na kipindi kikirudiwa mara kumi anapata chochote. Yakobo sura ya 5 inazungumza na wanaozuia mishahara ya wavunaji. Hilo ndilo andiko la kutuma kwenye kikundi, na nikilituma nina hakika sitapata amina ishirini na tatu, maana hata sisi tuna wapiga kinanda ambao hatujawalipa tangu Pasaka.

Jumatatu nilimpigia simu yule dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yote yakaniishia. Nikamwambia nilikosea. Nilikosea mbele ya wazee kwa hiyo nitasema mbele ya wazee. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akaniuliza kama mama yake bado anakaa upande ule wa dirisha. Nikamwambia bado. Akasema kila Jumapili alikuwa akitazama ibada yetu kwenye simu, akiwa Nairobi, kamera ikipita upande ule apate kumwona mama yake. Miaka yote hiyo. Sisi tulikuwa tunamwita aliyerudi nyuma.

Nimewaambia wazee. Wawili wamekubali, mmoja hajakubali na amesema ataomba. Mzee wangu, nakuheshimu, omba, lakini Jumapili nitasimama na kusema mwenyewe kwamba nilimwonea binti wa kanisa hili.

Na wewe binti, kama unasoma: mazoezi ya timu ya sifa bado ni Jumamosi saa nane mchana. Mpiga kinanda amebadilika lakini nyimbo nyingi ni zilezile. Nauli nitatuma mimi, usimwambie mama, tunataka ashtuke.